Jinsi ya Kuitambua Nyumba ya Mtindo wa Queen Anne Ukiwa Barabarani

Watu wengi wakiona nyumba ya mbao ya zamani huko Marekani, yenye mnara pembeni, nakshi kila mahali na rangi tatu au nne, husema tu "hiyo ni ya Kivictoria" kisha wakaendelea na safari. Hawajakosea, ila jina hilo halikuambii mengi. Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901, na katika miaka yote hiyo Wamarekani walijenga nyumba za mitindo isiyopungua sita, kila mmoja na paa lake, madirisha yake na tabia yake. Mwongozo huu unahusu mtindo mmoja kati ya hiyo, ule uliopambwa kuliko yote, unaoitwa Queen Anne. Ulishamiri Marekani kuanzia takriban 1880 hadi 1910, na nyumba zake bado zipo kwa wingi katika mitaa ya zamani ya San Francisco, Los Angeles, Louisville na Atlanta, na katika miji midogo mingi iliyokuwa na stesheni ya reli. Kama unaishi huko, au unakwenda kumtembelea ndugu, unaweza kujifunza bure ukitembea kwa miguu.

Jina lisikupoteze. Malkia Anne mwenyewe alitawala kuanzia 1702 hadi 1714, na nyumba za enzi yake zilikuwa za matofali, zimelingana kulia na kushoto, tena zimetulia. Jina lilishikamana na kazi za wasanifu Waingereza wa miaka ya 1860 na 1870, hasa Richard Norman Shaw, waliokuwa wakichota mawazo kutoka majengo ya kale zaidi ya nchi yao: mapaa marefu, dohani ndefu, madirisha yaliyotokeza. Mwaka 1874 msanifu H. H. Richardson akaanza kujenga nyumba ya William Watts Sherman mjini Newport, Rhode Island, na mtindo ukawa umetia mguu Marekani. Miaka miwili baadaye Philadelphia iliandaa maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru, na majengo ya Waingereza pale uwanjani yakawavutia wengi. Baada ya hapo Wamarekani waliuchukua mtindo huo wakaugeuza kuwa wao, na walichofanya zaidi ni kuuhamisha kutoka kwenye tofali kwenda kwenye mbao.

Kabla hatujaanza, shika jambo moja: urembo uutazame mwisho. Urembo unaweza kubandikwa kwenye nyumba yoyote, na unaweza kung'olewa siku yoyote. Umbo la nyumba halibadiliki kirahisi. Ndiyo maana hatua hizi zinaanza na vikubwa na kuishia na vidogo.

Hatua ya 1: Vuka barabara, utazame paa

Simama upande wa pili wa barabara. Ukisogea karibu mno macho yatanaswa na nakshi, na nyumba yenyewe hutaiona. Tena nyingi ya nyumba hizi zina wenyewe. Njia ya waendao kwa miguu ni ya wote, lakini uani usiingie bila kukaribishwa.

Paa la Queen Anne huwa na mteremko mkali, na halikai katika umbo moja. Lililo la kawaida zaidi ni hili: katikati kuna paa kubwa linaloteremka pande zote nne, na kutoka humo huchomoza paa dogo upande wa mbele na jingine ubavuni. Kila paa dogo huishia kwa ukuta wenye umbo la pembetatu. Nitauita ukuta huo pembetatu ya paa, kwa sababu tutaurudia mara nyingi.

Pembetatu ya mbele kwa kawaida haikai katikati. Imesukumwa upande mmoja, na upande wa pili kuna kitu kingine kabisa: baraza, mnara, au paa linaloshuka tu. Basi fanya jaribio la kwanza. Piga mstari wa wima kwa macho katikati ya uso wa nyumba. Ukiukunja uso huo kwenye mstari, je, kulia na kushoto vitalaliana? Vikilaliana, tilia shaka. Mtindo huu hauupendi ulinganifu.

Penye viwanja vyembamba vya mjini jaribio hili linahitaji jicho makini zaidi. Chukua mfano wa safu maarufu ya nyumba za Steiner Street, mbele ya bustani ya Alamo Square huko San Francisco, ambazo mjenzi Matthew Kavanaugh alizijenga kati ya 1892 na 1896. Kila nyumba ina pembetatu moja kubwa iliyofunika karibu uso wote, kwa hiyo ukitazama juu utadhani pande zote ni sawa. Shusha macho. Mlango na ngazi vipo upande mmoja, dirisha kubwa lililotokeza nje lipo upande wa pili. Tofauti ya pande imehamia chini, haijapotea.

Hatua ya 2: Tafuta ukuta mtupu, uone kama utaupata

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Ukinilazimisha kutumia kipimo kimoja tu, nitautazama ukuta.

Mjenzi wa Queen Anne hakuvumilia ukuta mpana uliokaa bapa. Kila alipoona nafasi tupu alifanya moja kati ya mambo mawili: aliusukuma ukuta nje au ndani, au aliubadilishia vifaa juu yake.

Kwanza, huko kusukuma. Utaona dirisha lenye pande tatu limetokeza mbele ya ukuta. Utaona ghorofa ya juu imening'inia kidogo mbele ya ile ya chini. Utaona pia kitu ambacho ukikizoea hutakisahau: huku chini kona ya chumba imekatwa mshazari, lakini juu yake pembetatu ya paa imebaki na kona zake kamili, kwa hiyo kona moja inaelea hewani bila ukuta chini yake. Katika nafasi hiyo huwekwa pambo la mbao lililotobolewa, wakati mwingine na kitunguu cha mbao kikining'inia kwenye ncha. Ukikuta kona ya namna hiyo, uko karibu sana na jibu.

Pili, vifaa. Ukuta mmoja unaweza kuwa na aina tatu za ngozi. Chini kabisa pengine ni tofali au jiwe. Ghorofa ya chini ni mbao nyembamba zilizolazwa moja juu ya nyingine. Juu yake, na hasa ndani ya pembetatu ya paa, ni vigae vya mbao vilivyokatwa kwa mapambo. Sogea sasa, uvitazame vigae hivi kwa karibu kadiri unavyoruhusiwa. Kila kimoja ni kipande chembamba cha mbao, kipana kama kiganja, na ncha yake ya chini imekatwa kwa mviringo. Vimepigiliwa safu juu ya safu, kila kigae kikifunika kiungo cha viwili vilivyo chini yake, na ukitazama kwa pamoja unaona magamba ya samaki. Fundi hakuishia hapo. Baada ya safu kadhaa za mviringo aliingiza safu za ncha kali, kisha safu za ncha bapa, kisha akarudi kwenye mviringo. Jua la asubuhi au la alasiri likipiga kwa pembeni, kila safu hutupa kivuli chake, na ukuta ambao saa sita ulionekana umelala unaamka. Ukiweza kuchagua, nenda saa hizo.

Kwa nini uwezekano huu ulipatikana wakati huo na si miaka 50 kabla? Zamani fremu ya nyumba ya mbao ilijengwa kwa boriti nzito zilizounganishwa kwa ulimi na tundu, na kila kona ya ziada ilikuwa kazi ngumu ya seremala mahiri. Kuanzia miaka ya 1830, Chicago na maeneo yake ya jirani, ukaenea ujenzi wa fremu nyepesi: mbao nyembamba zilizopasuliwa kiwandani, zimeshikwa kwa misumari ya kiwandani. Kona ikawa rahisi. Ukitaka ukuta utokeze, unapigilia tu. Halafu reli ikaleta milango, madirisha, vigae na nakshi zilizokwisha kutengenezwa, ikazishusha stesheni hata katika mji mdogo kabisa. Na ramani nazo zilinunuliwa kwa posta. George F. Barber wa Knoxville, Tennessee, aliuza michoro ya nyumba kwa njia hiyo kwa wateja wa kila pembe ya Marekani, na mteja aliweza kuandika barua akiomba chumba kipanuliwe au baraza lizungushwe. Kwa hiyo usishangae ukikuta nyumba mbili zinazofanana kama ndugu katika majimbo mawili yaliyo mbali.

Hatua ya 3: Soma baraza

Baraza la mbele ni sehemu ya lazima katika nyumba hizi, na mara nyingi halikomei mbele. Hupinda kona likaenda ubavuni. Kinachokuambia mengi zaidi ni nguzo zake, kwa sababu zinasaidia kukadiria umri.

Kama nguzo ni nyembamba, zimekerezwa kwa mashine zikawa na vifundo na viuno, na juu kati ya nguzo na nguzo kuna safu ya vijiti vya kukerezwa iliyoning'inia chini ya paa la baraza, una Queen Anne ya aina ya vijiti. Hii ndiyo iliyotawala miaka ya 1880. Mashine za kukereza na misumeno ya kukatia nakshi, zikiendeshwa kwa mvuke, ziliwezesha kutoa vijiti hivyo kwa mamia kwa bei ambayo hata mwalimu wa shule au karani aliimudu.

Kama nguzo ni nene kidogo, laini, za mduara, zenye vichwa vya mtindo wa Kigiriki au Kirumi, zikisimama mbili mbili au tatu tatu juu ya vijiguzo vya tofali au jiwe, una Queen Anne ya aina ya baadaye, iliyotulia zaidi. Hii ni ya miaka ya 1890 na kuendelea. Maonyesho ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893, yenye majengo meupe ya mtindo wa Kirumi, yaliwageuza Wamarekani ladha, na vijiti vikaanza kuonekana vimepitwa na wakati. Mwili wa nyumba ulibaki uleule: paa lilelile, mnara uleule, kutolingana kulekule. Kilichobadilika ni nguo tu. Ndiyo sababu mtu anayetafuta vijiti peke yake huzipita nyumba nyingi bila kuzitambua.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana jicho lililokwisha kufunzwa kwa kazi hii. Pale Unguja, Mji Mkongwe, ukitazamana na bandari, kuna Zahanati ya Kale, jengo ambalo Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Victoria. Roshani zake za mbao zilizotobolewa nakshi ni za enzi ileile, ingawa mkono uliozifanya ni wa mila nyingine, yenye asili ya Bara Hindi. Jengo hilo si Queen Anne hata kidogo. Lakini kama umewahi kusimama chini yake ukafuata kwa macho namna mbao ilivyokatwa ili mwanga upite, unajua tayari namna ya kulitazama baraza la Louisville au Los Angeles.

Hatua ya 4: Mnara, bila kuuabudu

Mnara ndio kitu cha kwanza watu wanachokiona na ndio unaowapotosha zaidi. Nyumba nyingi sana za Queen Anne hazina mnara. Na mitindo mingine iliyotangulia nayo ilikuwa na minara yake.

Ukiwepo, utazame umekaa wapi na una umbo gani. Wa Queen Anne kwa kawaida unakaa kwenye kona ya mbele, ni wa mduara au wa pande nyingi, ingawa wa pande nne nao upo, na una paa lililochongoka. Wakati mwingine unaanzia ardhini. Wakati mwingine unaanzia ghorofani, umetokeza kwenye kona bila kugusa chini. Mnara wa pande nne uliokaa katikati ya uso wa nyumba, hasa wenye paa karibu bapa, ni dalili ya mtindo wa Kiitaliano wa miaka ya nyuma.

Hatua ya 5: Madirisha na dohani

Tafuta dirisha ambalo kipande chake cha juu kina kioo kikubwa kisicho na rangi katikati, na kukizunguka pande zote kuna vioo vidogo vya mraba vya rangi: nyekundu, kaharabu, buluu, kijani. Dirisha hili ni karibu sahihi ya mtindo. Mara nyingi liko mahali pa heshima, kwenye kituo cha ngazi au sebuleni, wala si kila dirisha la nyumba linalopewa. Madirisha mengine yanaweza kuwa ya kawaida kabisa. Kutoka nje mchana vioo hivyo huonekana vyeusi tu. Jioni taa za ndani zikiwashwa ndipo rangi zinapotoka.

Dohani ni ndefu, za matofali, na zimepambwa: matofali yametokezwa kwa mistari, au kichwa kimepanuka. Nyingi zilibomolewa na kufupishwa baada ya mifumo mipya ya kupasha joto, kwa hiyo kukosekana kwake si hoja.

Hatua ya 6: Itenge na mitindo mingine

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tuende taratibu. Mitindo hii ilipishana miaka, mafundi walichanganya walichopenda, na nyumba moja inaweza kubeba damu mbili.

Mtindo wa Gothiki, wa takriban 1840 hadi 1880, nao una mapaa yenye mteremko mkali na nakshi za mbao kwenye kingo za paa. Tofauti ipo kwenye matao: tafuta dirisha lenye tao lililochongoka juu. Ukilipata, hasa katika pembetatu ya katikati ya nyumba iliyolingana pande zote, hiyo ni Gothiki.

Mtindo wa Kiitaliano una paa lililolala, penu pana zinazoshikiliwa na mikono mikubwa ya mbao iliyochongwa, na madirisha marefu membamba, mara nyingi yenye tao la mviringo. Paa peke yake linatosha kuutenga.

Milki ya Pili, uliopewa jina kutokana na utawala wa Napoleon III nchini Ufaransa kati ya 1852 na 1870, ni rahisi kuliko yote. Paa lake limesimama karibu wima kama ukuta, lina madirisha ndani yake, na juu limekatwa bapa. Hakuna mtindo mwingine wa enzi hiyo unaofanya hivyo.

Mtindo wa Stick ndio mzazi wa karibu, na ndio mgumu. Nao ni wa mbao, nao una mapaa makali na mabaraza. Utazame ukuta tena. Kwenye Stick, ukuta umebandikwa mbao za wima, za mlalo na za mshazari juu yake, zikiugawa katika miraba kana kwamba zinaonyesha fremu iliyofichwa ndani. Kwenye Queen Anne ukuta haugawanywi kwa fito. Unavikwa vigae na kusukumwa. San Francisco ina kidokezo cha ziada: madirisha yaliyotokeza ya Stick kwa kawaida yana kona za mraba, na yale ya Queen Anne huwa na pande za mshazari.

Mtindo wa Shingle ni kinyume cha Stick. Umejaa vigae vya mbao kama Queen Anne, umbo lake halilingani kama Queen Anne, na una minara. Lakini vigae vyake ni vya aina moja, vimetandazwa juu ya kila kitu bila kukatizwa, mpaka mnara unaonekana umeyeyukia ukutani. Nakshi hakuna. Nyumba ya Isaac Bell huko Newport, ya mwaka 1883, ni mfano mzuri wa kulinganisha.

Mtindo wa Kiromaneski wa Richardson, yule msanifu wa nyumba ya Watts Sherman, unaujua kwa uzito: mawe makubwa yaliyochongwa kwa kuacha uso wake mbaya, na matao mapana ya mviringo. Kinachochanganya ni kwamba Queen Anne ya tofali na jiwe nayo ipo, hasa katika miji iliyokuwa na fedha. Old Louisville, huko Kentucky, ni mahali pazuri pa kujifunza tofauti hii, kwa sababu nyumba za aina zote mbili zimepakana mtaa kwa mtaa. Jengo likikulemea macho kwa uzito wa jiwe, elekea Kiromaneski. Tofali likiwa limepangwa kwa michoro na limechanganywa na vigae vya mbao kwenye pembetatu za paa, elekea Queen Anne.

Na kuna nyumba ndogo za watu wa kawaida: sanduku la vyumba vichache, paa moja tu, ukuta bapa, halafu barazani kuna vijiti na nakshi zilizonunuliwa stesheni. Urembo ni wa Queen Anne, mwili sio. Wataalamu huziweka katika kundi la peke yake, nyumba za Kivictoria za kienyeji. Mimi nazipenda sana. Lakini usiziite Queen Anne, na sababu ni ileile tuliyoanza nayo: umbo kwanza.

Tahadhari kwa walio nje ya Marekani: ukienda Bedford Park, London, kitongoji kilichoanza kujengwa 1875 na ambacho Shaw alikichorea nyumba, utaona Queen Anne ya Kiingereza. Ni tofali jekundu, fremu za madirisha nyeupe, vijiti vya kukerezwa vichache. Kwa hiyo orodha ya dalili za Marekani usiihamishie huko mzimamzima.

Hatua ya 7: Usidanganywe na rangi wala na ukarabati

Rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Nyumba hizi zilipojengwa nyingi zilipakwa rangi nzito za udongo: kijani cha zeituni, nyekundu ya tofali, kahawia, manjano iliyokolea, kila sehemu na rangi yake ili vigae na nakshi vionekane. Karne ya 20 ilipoingia nyingi zikapakwa nyeupe tupu. Kisha katika miaka ya 1960 baadhi ya wakazi wa San Francisco wakaanza kuzipaka rangi kali nyingi, na huko ndiko ilikotoka picha tuliyo nayo leo ya nyumba ya Kivictoria iliyong'ara. Nyumba nyeupe inaweza kuwa Queen Anne halisi, na nyumba yenye rangi saba inaweza isiwe.

Kinachoniuma zaidi ni plastiki. Nyumba nyingi zimefunikwa ukuta mzima kwa vibao vya vinili au alumini, na wakati wa kuvipachika nakshi hukatwa kwa sababu zinazuia kazi. Lakini umbo hubaki, na ndiyo faida ya kuanza na umbo. Ukiona paa lenye mapaa madogo mbele na ubavuni, dirisha la pande tatu, kona iliyokatwa mshazari chini ya pembetatu inayoelea, na ukuta wa plastiki laini, hiyo ni Queen Anne iliyovuliwa nguo. Chungulia ndani kabisa ya pembetatu za paa na upande wa nyuma. Fundi wa plastiki mara nyingi huacha vigae vya asili pale ambapo ngazi yake haikufika vizuri. Tazama pia nguzo za baraza: ikiwa ni vyuma vyembamba au mbao za mraba za kisasa chini ya paa la zamani, zile za asili zimeondolewa.

Hatua ya 8: Jipime kwa nyumba zinazojulikana

Anza na Haas-Lilienthal, namba 2007 Franklin Street, San Francisco, iliyojengwa 1886. Ina kila kitu: mnara wa mduara kwenye kona, pembetatu za paa, vigae vya mapambo, na imepakwa kijivu, kwa hiyo inakulazimisha utazame umbo bila kusaidiwa na rangi. Ilinusurika tetemeko la 1906, na moto uliofuata ulizuiwa Van Ness Avenue, mtaa mmoja tu kutoka hapo. Kwa miaka mingi wageni wameruhusiwa kuitembelea ndani.

Carson Mansion ya Eureka, California, iliyokamilika 1886, iache mpaka uwe umezoea. Ndugu wawili, Samuel na Joseph Cather Newsom, waliichora kwa ajili ya William Carson, tajiri wa mbao, na waliingiza mambo ya mitindo kadhaa kwa pamoja. Ni mali ya klabu binafsi, hivyo utaitazama ukiwa barabarani. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba ya rangi ya waridi ambayo Carson alimjengea mwanawe mwaka 1889. Hiyo ndiyo inayofundisha vizuri zaidi, kwa sababu imetulia katika mtindo mmoja.

Halafu nenda 501 Auburn Avenue, Atlanta. Nyumba ya ghorofa moja juu, ya mbao, iliyojengwa 1895. Babu yake Martin Luther King Jr., mchungaji A. D. Williams, aliinunua 1909, na humo King alizaliwa tarehe 15 Januari 1929. Ni Queen Anne, lakini si jumba la tajiri na haina mnara. Tazama pembetatu ya paa, baraza lenye urembo wa mbao zilizokatwa, na mlango usiokaa katikati. Mtu anayeweza kuitambua hii ameuelewa mtindo kuliko anayeitambua Carson Mansion.

Hatua ya 9: Thibitisha kwa ramani za bima

Ukiwa na shaka kuhusu umri au mabadiliko ya nyumba, tafuta ramani za Sanborn. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1867 kuchora miji ya Marekani, jengo kwa jengo, ili makampuni ya bima yajue hatari ya moto. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka nyingi mtandaoni bila malipo. Andika jina la mji, chagua mwaka, kisha tafuta mtaa na namba ya nyumba.

Kila jengo limechorwa kwa umbo lake kama linavyoonekana kutoka juu. Manjano maana yake fremu ya mbao, waridi ni tofali, buluu ni jiwe. Tarakimu ndani ya jengo huonyesha idadi ya ghorofa, ile ya chini ikihesabiwa kuwa ya kwanza, na baraza huchorwa kwa mistari ya vidoti. Mnara wa kona huonekana kama duara dogo, na dirisha lililotokeza huonekana kama kitoto cha ukuta. Fungua toleo la zamani kabisa lenye nyumba yako, halafu la miaka kumi au ishirini baadaye. Kama nyumba haipo katika la 1886 na ipo katika la 1892, umeshajua ilijengwa kati ya miaka hiyo. Kama ramani ya 1892 inaonyesha baraza lililopinda kona na leo mbele kuna ngazi tatu za saruji tu, nenda ukatazame ukuta kwa kimo cha dari ya chini: mara nyingi alama ya paa la baraza bado ipo.